Laptopu Yenye Homa

Shangazi yangu wa Tanga hapendi kuona kitu kimekaa uchi. Redio ina kitambaa, kochi lina kitambaa, hata jagi la maji lina chake, chenye shanga pembeni. Alipokuja kukaa nasi Dar mwezi Februari, joto lile la watu kulala sakafuni, nilijua laptopu nayo itavishwa tu.

Ikavishwa. Tena akaitandikia mto chini "isiumie", mimi nikiwa bafuni, yenyewe ikimalizia video ya harusi ya mteja, kazi inayoitoa jasho kuliko zote. Sasa laptopu hii inavuta hewa kwa matundu ya chini. Mto ukayaziba, kitambaa kikamalizia juu. Huko bafuni nikasikia feni inapiga kelele kama dalali mnadani, halafu kimya. Imejizima. Hizi mashine si wajinga: prosesa, ule ubongo wa mashine, ikikaribia nyuzi 100 inapunguza mwendo, ikizidiwa inazima kabisa kuliko kuungua.

Nikatoka na povu masikioni. Mezani hakuna kitu.

"Shangazi, laptopu iko wapi?"

"Ina homa, baba. Nimeiweka pa baridi."

Sisi tunauza barafu za ubuyu. Nilipofika kwenye friza, mtoto wa jirani keshafunua, mkononi ana shilingi 200, anaikodolea macho laptopu iliyolala kati ya ubuyu na mfuko wa vibua.

"Hii shilingi ngapi?"

Nikaitoa, na hapo ndipo balaa lenyewe. Hewa ya Dar imejaa mvuke. Ikigusa chuma cha baridi inageuka maji, nje na ndani. Mashine ikaanza kutiririka. Shangazi akafurahi: homa ikishuka, alisema, mgonjwa hutoka jasho. Akataka niiwashe tuone kama imepona. Nikaificha chaja. Ikakaa imezimwa hadi ilipokauka, nyumba nzima inanuka vibua.

Shangazi hakukubali mgonjwa wake apelekwe Kariakoo peke yake, tukaenda wote. Fundi akafungua mfuniko wa chini. Kati ya feni na vile vibati vyembamba vya kupoozea, vumbi limegandamana hadi hewa haina pa kupita. Akaibana feni kwa kijiti cha meno isizunguke ovyo, akapuliza kwa blowa. Pesti ya juu ya prosesa, ule uji wa kupitisha joto, ilikuwa imekauka, imekuwa chokaa. Akaifuta kwa spiriti, akaweka mpya, tone dogo tu. Kisha akainama, akanusa.

"Kaka, kwani nyie mnavua?"

Sikujibu. Nikauliza bei.

"Elfu 30."

Shangazi akasogea. "Umetoa nini humo, mwanangu?"

"Vumbi, mama."

"Vumbi la nani?"

"La kwenu, mama."

"Vumbi letu wenyewe, halafu tukulipe? Basi tufungie, tuondoke nalo."