Niliajiriwa Kuendesha

Naandika haya kwa mkono mmoja, nikiwa juu ya bati. Mimi ni dereva. Barua ya kazi inasema dereva, leseni inasema dereva. Lakini jana upepo uligeuza dishi, leo kuna mechi, na bosi katoka barazani na kikombe chake cha chai akaniita "kijana wangu". Mtu anayekukata mshahara akikuita kijana wangu, jua ngazi iko karibu.

Basi huku juu nimemkumbuka dereva mwenzangu wa Yorkshire, Uingereza, mwaka 1853. Bosi wake alikuwa Sir George Cayley, mzee anayekaribia miaka 80. Akili alikuwa nazo, simnyimi: tangu 1799 alishachora chombo cha kuruka chenye mabawa yasiyopigapiga, na mkia wa kukiongoza. Chombo kilipokamilika, nani aliketi ndani? Mzee? Thubutu! Aliwekwa mwendesha gari lake la farasi. Kikaachiwa pale Brompton, kikaelea kuvuka bonde, kikajibwaga upande wa pili. Mjukuu wa Cayley, aliyekuwa mtoto siku ile, alikuja kusimulia kwamba yule bwana alitoka humo na kuacha kazi palepale: yeye aliajiriwa kuendesha, si kuruka. Jina la bosi limejaa vitabuni. La dereva, watu wanabishana hadi leo.

Wafaransa nao walikuwa na yao. Septemba 1783, mbele ya Mfalme Louis XVI pale Versailles, ndugu wa Montgolfier walipakia kondoo, bata na jogoo kwenye puto la hewa moto. Dakika kama 8, wakatua wazima, ila jogoo bawa limeumia; ikasemwa kondoo kampiga teke. Maskini jogoo, safari ya bure na kipigo juu! Ilipofika zamu ya binadamu, likaja wazo wapelekwe wafungwa. Mwalimu wa sayansi, Pilâtre de Rozier, akachachamaa: heshima kubwa hivyo apewe mhalifu? Novemba 21 akapanda yeye mwenyewe pamoja na mwenye cheo, Marquis d'Arlandes. Umeona mambo hayo? Ikiwa hatari, kondoo atangulie. Ikishageuka heshima, wenye vyeo wanasukumana mlangoni.

Mimi namvulia kofia Eilmer, mtawa wa Malmesbury, Uingereza, karne ya 11. Alijifunga mabawa mwenyewe, akajitupa mwenyewe kutoka mnarani, akaelea kama mita 200, akavunjika miguu yake mwenyewe. Hakumtuma mpishi. Baadaye akasema kosa lilikuwa moja tu, kusahau mkia.

John Damian wa Scotland, 1507, huyo ni fundi wa mtaani kwetu kabisa. Aliruka na mabawa ya manyoya kutoka ngome ya Stirling, akaanguka, akavunja paja. Kuulizwa, akasema wamemchanganyia manyoya ya kuku, na kuku kawaida yake ni jalalani. Yaani spea haikuwa orijino!

Ngoja, bosi anaita.

"Hapohapo! Picha imekaa! Usiachie!"

"Nisiachie mpaka saa ngapi, mzee?"

"Mpaka mwisho wa mechi, kijana wangu. Ni sare. Zikiongezwa dakika thelathini nitakwambia."

Na ngazi jirani kaja kuichukua. Kumbe ilikuwa yake.