Maaskofu Wote Nyumba Nyeupe

Shemeji yangu ana laptopu kuukuu yenye programu ya chesi ambayo hapa kijiweni hakuna aliyewahi kuifunga. Mimi dawa yake nilikuwa nimeshaisoma. Mwaka 2003, jijini New York, Garry Kasparov, bingwa wa zamani wa dunia, aliifunga programu ya X3D Fritz kwa kuziba uwanja tu: askari wakagandana vichwa kwa vichwa, mashine ikabaki kupeleka kete huku na kuzirudisha. Programu za enzi zile zilikuwa hodari wa hesabu, ila mpango wa mbali hazina. Mwaka 2008 mchezaji Hikaru Nakamura akaivuta programu nyingine, Rybka, mpaka hatua ya 271, na askari wake waliofika mwisho akawageuza maaskofu badala ya malkia. Dharau tupu!

"Atakayeshindwa anawanunulia chipsi kuku wote waliopo hapa," nikatamba.

"Poa, shem," akajibu. "Ila ukitoka sare, umefungwa."

Nikacheka. Sare ya nini?

Basi nikaziba. Mashine inasogeza ngome kulia, inairudisha kushoto. Mimi natembeza mfalme huku nakunywa kahawa na kashata. Watazamaji wakaanza kuaga, na siwalaumu. Sasa, hatua 50 zikipita bila kete kuliwa wala askari kusogea, unaweza kudai sare. Ile programu ilijiona iko mbele, sare haiitaki. Hamsini ilipokaribia, ikasukuma askari wa bure! Nikamla, nikaingilia upenyo uleule, nikakomba kete zake mpaka akabaki mfalme peke yake. Mimi nina mfalme na askari wawili, mmoja mstari wa pembeni kabisa, mwingine wa tatu kutoka pembeni.

Malkia mmoja tu alitosha. Lakini watu wamesharudi, wamenizunguka, mmoja ameshatoa simu anarekodi.

"Askofu!" Nikabofya. Makofi. Askari wa pili akafika. "Askofu tena!"

Laptopu ikalia *ting*, ikatangaza sare.

"Imeharibika hii!" nikafoka.

Mzee muuza kahawa, ambaye hata drafti sijawahi kumwona akicheza, akainamia kioo. "Maaskofu wako wote wako nyumba nyeupe, mwanangu. Mfalme akihamia nyeusi watamfanya nini? Watamwombea?"

Shemeji alikuwa ameshasimama, anahesabu vichwa. Yule mzee alihesabiwa mara mbili, na hakuna aliyepinga.