Kocha wa ushindi tisa anadaiwa nini?

Novemba 2003 Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, kilimtimua Frank Solich, kocha wa timu yake ya futiboli ya Kimarekani, akiwa ametoka kushinda mechi 9 na kupoteza 3. Kwa miaka sita alikuwa na ushindi 58 na vichapo 19, na misimu miwili tu kabla ya hapo alicheza mechi ya kuwania ubingwa wa taifa. Mkurugenzi wa michezo, Steve Pederson, alisema hatakubali timu iteleze hadi kuwa ya kawaida. Msimu uliofuata ilishinda 5, ikapoteza 6, na mfululizo wa miaka 35 wa kucheza mechi za Bowl, zile za mwisho wa msimu wanazoalikwa waliofanya vizuri, ukakatika.

Wanaotaka makocha wapimwe haraka wana hoja, tena siku hizi ina uzito kuliko zamani. Kocha Curt Cignetti aliipokea timu ya Chuo Kikuu cha Indiana ikiwa imetoka kushinda 3 na kupoteza 9 mwaka 2023, na 2024 akamaliza na 11 kwa 2, akisaidiwa na wachezaji waliomfuata kutoka James Madison, chuo alichokuwa akifundisha kabla. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje msimu mzima, na tangu Julai 2025 chuo kinaweza kuwalipa wanamichezo wake, kikomo cha mwaka wa kwanza kikiwa dola milioni 20.5. Kocha anayeomba miaka minne ya kulea vijana hasikilizwi tena. Katika Chuo Kikuu cha Penn State, kocha James Franklin alishinda mechi 104, ila dhidi ya timu kumi bora alishinda 4 akapoteza 21. Mwenye tiketi akinung'unika hapo, ana haki.

Lakini tupige hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayosahaulika. Ligi ya vyuo ya Big Ten, anamocheza Nebraska, ina timu 18, kila moja ikicheza mechi tisa za ligi. Hizo ni mechi 81: ushindi 81, vichapo 81, hakuna namna ya kuongeza. Wastani ni ushindi 4.5. Mpe kocha zile mechi tatu za nje ya ligi zote, anafika 7.5. Anayeshinda tisa kila mwaka yuko juu ya wastani, na mashabiki wa timu zote 18 hawawezi kuwa juu ya wastani kwa pamoja. Bo Pelini alifikisha angalau tisa katika kila msimu wa miaka yake saba Nebraska. Naye akafungishwa virago, 2014.

Kipimo cha haki kiko kwenye mambo anayoyashika kocha mwenyewe: adhabu za kizembe, vikosi vya mikwaju, wale watano wanaomlinda kwatabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi, saa ya dakika za mwisho. Scott Frost, kocha mwingine wa Nebraska, mtoto wa nyumbani na kwatabeki wa timu hiyo ilipotwaa ubingwa wa 1997, mwaka 2021 alipoteza mechi tisa, nane kati ya hizo kwa pointi nane au pungufu. Bahati mbaya haiji mara nane. Agosti 2022 mjini Dublin alikuwa anaongoza dhidi ya Chuo Kikuu cha Northwestern 28 kwa 17 katika robo ya tatu. Badala ya kuupiga mpira mbali, akaamuru mkwaju mfupi wa kushtukiza, ule ambao mpira ukivuka yadi kumi wapigaji nao wanaruhusiwa kuudaka. Northwestern wakaunyakua karibu na katikati ya uwanja, wakafunga, wakashinda 31 kwa 28. Kwa uamuzi wa namna hiyo mshike kocha shati, hata kama angeshinda.

Frost alitimuliwa Septemba 11, baada ya kufungwa na Georgia Southern nyumbani. Fidia yake ya kuvunjiwa mkataba ilikuwa dola milioni 15, na Oktoba mosi ingeshuka hadi milioni 7.5. Siku ishirini tu, na Nebraska hawakuweza kusubiri.