Omba leo, thibitisha ukipata nafasi: G 2/21 haijafunga kitu

Wiki hii nimemsikia mwenzetu mmoja kwenye kikao cha mtandaoni akitangaza, kwa utulivu wa mtu aliyeshiba, kwamba suala la ushahidi wa baadaye kule Ulaya, yaani majaribio yanayoletwa baada ya mtu kuomba hataza (hati ya kulinda uvumbuzi), "lilishafungwa" na uamuzi uitwao G 2/21. Slaidi ikapita, tukahamia kwenye ada. Maikrofoni zetu zilikuwa zimezimwa, basi acha nisemee hapa.

Limefungwa na nani? Baraza Kuu la Rufaa la Ofisi ya Hataza ya Ulaya lilipelekewa mgogoro ulio wazi kabisa. Mabaraza ya rufaa yalikuwa yamegawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza lilitaka maombi yenyewe, tangu siku yanawasilishwa, yampe mtaalamu wa fani sababu ya kuamini matokeo yanayodaiwa. La pili liliridhika mradi hakuna sababu ya kuyatilia shaka. La tatu halikutaka habari hizo kabisa: kila ushahidi uingie, upimwe. Machi 2023 Baraza Kuu likajibu kwamba ushahidi hauwezi kutupwa kwa sababu tu umekuja baada ya tarehe ya maombi. Sawa, hapo sina ugomvi. Halafu likaongeza kwamba mwenye hataza anaweza kuegemea matokeo ambayo mtaalamu, akiyasoma maombi ya awali na maarifa ya kawaida ya fani kichwani, angeyaona yamo ndani ya mafundisho yake ya kiufundi na yamebebwa na uvumbuzi uleule uliofichuliwa mwanzoni. Hongera zao. Mwenye hataza na mpingaji wake wanaweza kuisoma sentensi hiyo meza moja na kila mmoja akaondoka akiamini ameshinda.

Kesi yenyewe ilihusu dawa ya wadudu: thiamethoxam ikichanganywa na kiambato kingine, hataza ya Sumitomo, mpingaji Syngenta. Nguvu ya mchanganyiko huo dhidi ya Chilo suppressalis, bungua wa mpunga, ilitegemea majaribio yaliyoletwa baadaye. (Binamu yake, Chilo partellus, ndiye anayetutobolea mahindi huku kwetu, kwa hiyo tusijifanye ni mambo ya Wazungu.) Kesi iliporudi kwa baraza lililouliza swali, T 116/18, uamuzi wa Julai 2023 ukasema si lazima maombi yawe na jaribio, wala si lazima yatamke matokeo hayo waziwazi. Inatosha kwamba mtaalamu asingekuwa na sababu ya msingi ya kuyatilia shaka. Hataza ikasimama.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Hataza ni mapatano. Umma unampa mtu miaka 20, ikihesabiwa kuanzia siku ya maombi, naye siku hiyohiyo anaweka mezani alichokivumbua. Si atakachokivumbua. Sasa mtu akiandika fomula yenye matawi hadi inafunika maelfu ya molekuli, akaorodhesha magonjwa ukurasa mzima, bila namba hata moja ya kipimo, ameweka nini mezani? Ni yule fundi cherehani anayekuapia kwamba suti iko tayari, kumbe kitambaa bado kiko dukani. Miaka mitatu baadaye maabara yake ikibahatika kupata molekuli inayofanya kazi, sifa inarudishwa nyuma hadi siku ile ya maneno matupu, na mwenzake aliyefanya utafiti wa kweli katikati hapo anaambiwa amechelewa.

Kibaya zaidi, kipimo cha "hakuna sababu ya kutilia shaka" kinampenda anayenyamaza. Nitatilia shaka vipi dai ambalo hukulieleza kiasi cha kuweza kupimwa? Aliyefanya majaribio kumi akaandika kwa uaminifu kwamba mawili yalifeli, ameshampa mpingaji silaha. Asiyefanya hata moja, hana doa. Na ukitaka kumpinga, wewe ndiye unayetafuta maabara, unayelipa wataalamu, unayeleta data za kubomoa kitu ambacho yeye hakuwahi kukijenga kwenye karatasi.

Nikisema haya watu hunitajia dasatinib. Najua inafanya kazi, kuna wagonjwa wa saratani ya damu walio hai kwa sababu yake. Lakini baraza la rufaa lilipothibitisha kufutwa kwa hataza yake mwaka 2017, katika kesi T 488/16, halikuulizwa kama dawa inafanya kazi. Maombi yalikuwa na mamia ya mifano ya namna ya kutengeneza molekuli, na dai kwamba zinazuia vimeng'enya fulani, bila tokeo lolote la kipimo. Data za baadaye hazikuokoa kitu. Niliona ni haki, na bado naona ni haki. Kwa kipimo cha T 116/18 sina uhakika kabisa kwamba ingefutwa leo.

Na hilo neno "lilishafungwa" likafundishwe London. Mei 2023, wiki chache tu baada ya G 2/21, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliisoma, ikashika msimamo wa Uingereza wa kutaka maombi yenyewe yatoe sababu ya kuamini, na hataza ya apixaban ikabaki batili. Sweden mahakama ilikuwa imeiona halali. Dawa ileile ya kuzuia damu isigande, maombi yaleyale.

Haya, nikubali kitu kimoja, na nakubali shingo upande. Mwombaji hajui ni waraka gani mkaguzi wa Munich atautoa kabatini na kuuita maarifa ya karibu zaidi, yaani kitu cha zamani kinachofanana zaidi na uvumbuzi wake. Huwezi kumlaumu kwa kutolinganisha uvumbuzi wake na kitu ambacho hakujua kipo. Data za kulinganisha lazima ziruhusiwe kuja baadaye. Na watafiti wa vyuo wanaobanwa kuchapisha, Ulaya ikiwa haiwapi muda wa neema wa kuchapisha kwanza na kuomba hataza baadaye, nao nawaonea huruma.

Lakini kulinganisha ni kuthibitisha ulichokwisha kusema. Kama maombi hayana kipimo, wala maelezo ya kwa nini kitu kifanye kazi, basi mzigo wa kuondoa shaka ubaki kwa aliyeomba miaka 20. Mpingaji asilazimike kukodi maabara kujibu ukimya.