Hela ya upasuaji tunachanga, ya mazoezi je?

Huku Ujerumani ninakohudumia wazee, aliyebadilishwa goti akawekewa la bandia haachwi alale. Siku ileile ya upasuaji au kesho yake anasimamishwa na kutembezwa, maana akilala tu damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu, na goti likakakamaa. Kisha wengi hupelekwa kituo cha mazoezi kwa wiki 3 hivi, na bima inabeba sehemu kubwa ya gharama.

Lakini wakitoka hapo, wengi wanarudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Nawaona wazee waliopona vizuri wakishinda dirishani kwa kukosa wa kuwatembelea. Mazoezi yanakatika, paja linasinyaa. Inauma kuangalia.

Mwanza watu hawakosekani. Shangazi yangu alipofanyiwa upasuaji huo, nyumba yake kule Igogo ilijaa wajukuu, majirani na akina mama wa jumuiya, sato hakukauka jikoni. Na wote neno lao lilikuwa moja: "Pumzika mama, usiguse kitu." Hata maji ya kunywa aliletewa kitandani. Wakamwekea mto chini ya goti mchana kutwa ili asiumie, kumbe goti likikaa limekunjwa hivyo linashindwa kunyooka. Walifanya kwa upendo. Hakuna aliyekuwa amewaelekeza.

Ndiyo maana nasema nyumbani tuna utajiri ambao huku haupo, ila tunauacha bila maelekezo. Wajukuu watatu waliofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, namna ya kumkunjisha bibi goti na kumtembeza uani asubuhi na jioni wanatosha kabisa. Maumivu yawepo kiasi, dawa anywe kwa wakati, uvimbe wa miezi kadhaa usiwatishe. Goti likipata joto kali, au kidonda kikitoa usaha, hapo ni hospitali mara moja.

Na maandalizi yanaanza mapema: sukari ya damu ishuke kama iko juu, paja liimarishwe. Goti bandia mara nyingi hukunjika nyuzi 110 hadi 120, choo cha kuchuchumaa kinadai zaidi ya hapo. Nyumba zetu za Mwanza zilizojengwa juu ya mawe nazo, ngazi hazina pa kushika.

Kwa hiyo ndugu zangu mlioko nje, mkianza kuchanga, wekeni humohumo hela ya mtaalamu wa mazoezi, na ya fundi wa kujenga choo cha kukaa na kufunga bomba la kushikilia kwenye ngazi, kabla mama hajaingia chumba cha upasuaji.