Amplifaya yetu inaogopa jam

Mimi ni konda wa matatu ya Jogoo Road, hizi ndogo za watu kumi na nne, na kama unafikiri shida yangu ni askari ama ule abiria anatoa noti ya elfu moja alfajiri akiwa mtu wa kwanza kuingia, hapana buda, shida yangu ni amplifaya, ile mashine ya kuongezea muziki nguvu. Imefungwa chini ya kiti ya nyuma na inazima ikijisikia. Na haizimi ovyo ovyo, inangoja. Tunatoka Muthurwa vizuri, besi inatikisa vioo, vijana wa nyuma wameshaanza kutingisha vichwa, tukifika karibu na soko la nyama la Burma tunakuta magari yamesimama, dere anatoa gia, na pale pale wimbo unataka kushuka na besi yake yote, tap, kimya. Naangalia chini ya kiti, taa nyekundu inaniangalia. Imejifunga.

Hamjui hiyo kimya ni ya hatari aje. Wakati muziki iko, kila mtu kwa simu anapiga kelele ndio asikike, sasa muziki ikikatika ghafla ule jamaa wa dirishani bado yuko kwa sauti ya juu, "Nimekuambia niko Nakuru, nitakutumia kesho!" Gari nzima inamgeukia. Nje ni Burma, harufu ya nyama inaingia mpaka ndani. Mimi ndio naanza kuitisha fare haraka haraka kumfunika, na hata asante siambiwi.

Sasa hii mji kila mtu ni fundi. Wa kwanza akasema ni fyuzi. Nikamuuliza, mkubwa, fyuzi ikiungua si imeungua basi? Hii yetu ukizima redio uiache ipumzike kidogo inarudi na nguvu zote, hiyo ni fyuzi gani inaungua na kufufuka? Akasema basi ni joto. Hiyo nilimpatia maksi kiasi, kwa sababu amplifaya inataka hewa na yetu inaishi chini ya kiti, na wamama wa soko wakipanda wanasukuma huko magunia ya viazi, mathe nikimwambia hapo kuna mashine ananiuliza kama viazi vyake vitaketi wapi, kwa miguu yangu? Lakini inazima hata Julai asubuhi, saa zile Nairobi ni baridi mpaka konda anavaa jaketi mbili. Joto gani hiyo.

Tukapeleka Luthuli, ile barabara ya maduka ya redio na spika huko tao. Fundi wa huko akawasha gari, akamwambia dere akanyage mafuta kidogo, akaweka wimbo, ikalia vizuri kabisa bila kuzima. Akatuangalia vile daktari anaangalia mtu wa kutafuta sick sheet. Halafu akasema, "Boss wangu, hii imechoka, nunua ingine," na ingine iko wapi? Iko hapo nyuma yake kwa shelfu, imeshapanguswa vumbi. Mimi ile kukanyaga mafuta ndio ilinikera. Kwa jam nani anakanyaga mafuta? Gari iko tu inanguruma polepole, alteneta, ile inachaji betri, inazunguka pole, na juu ya hiyo tumewasha taa, feni, na zile taa za rangi mwenye gari alibandika ndani mpaka abiria wanakaa bluu.

Mwenye alitusaidia ni abiria. Mtu wa stima, anaenda mjengo na begi ya vyombo, akakaa juu ya hiyo hiyo kiti ya nyuma. Ikazima. Akacheka. Akaniambia, "Konda, fare yangu ya leo uisahau, nikuonyeshe kitu." Nikasema sawa, na huwa sisemi sawa kwa mambo ya fare. Akatoa mita, na waya ndefu, akaipitisha katikati ya miguu ya watu mpaka kwa betri huko mbele, dada mmoja akauliza kama tunalipuliwa. Tukawasha tena, sauti juu, gari bado imesimama kwa jam. Kwa betri mita ikasoma volti 13.2. Nyuma kwa amplifaya, besi ikipiga, 10.3.

Yaani karibu volti tatu zinapotea ndani ya gari, na hazijashukia stage yoyote.

Akanieleza amplifaya nyingi zikiona volti imekaribia 10 zinajifunga zenyewe zisiungue, kwa hivyo hii yetu si mbovu, ni mwoga tu, na sababu ya kuogopa iko. Halafu akaweka ncha moja ya mita kwa ile waya nyeusi ya amplifaya, ya kurudisha stima kupitia bodi ya gari, na ingine kwa negativu ya betri, ikasoma 1.7 wakati inafaa kuwa karibu sufuri. Tukafuata hiyo waya nyeusi. Imefungwa na skrubu moja juu ya rangi, na chini ya rangi ni kutu. Ile nyekundu nayo akaikwaruza na kisu, ndani nyuzi ni nyeupe, aluminiamu imepakwa shaba juu. Ganda nene, nyuzi kidogo, kama pilau ya kibanda, mchele mlima na nyama moja ya kutafuta na tochi. Na iliuzwa kwa bei ya shaba!

Kumbe hata woofa, zile spika za besi. Ziko mbili, kila moja ina koili mbili za omu 4 (omu ni kipimo cha vile koili inazuia stima, ikiwa chini amplifaya inavuta stima zaidi), na fundi wa kwanza aliunganisha zote sambamba ikawa omu 1, akatuambia hivyo zitapiga zaidi. Ni kweli zinapiga zaidi, mpaka Burma. Amplifaya yenyewe imeandikwa kwa ubavu isishushwe chini ya omu 2, lakini nani huku anasoma ubavu. Abiria akapanga upya koili mbili mbili kwa msururu, ikawa omu 4 kwa jumla, akamaliza tukiwa bado hapo hapo tulipoanzia, sifa kwa jam ya Jogoo Road.

Kutu nilikwaruza mwenyewe jioni hadi chuma ikang'aa, nikakaza. Hiyo ilikuwa bure. Sasa tunapita Burma, tunapita Makadara, muziki iko, inazima tu mvua ikinyesha usiku na waipa zimewashwa na taa zote. Hiyo iliyobaki ni kebo ya shaba ya ukweli. Nikampigia mwenye gari kumwambia bei, akasema kebo ni kebo, na akakata.

Juzi amenipigia mwenyewe na furaha nyingi. Ameona amplifaya ya wati 3000. Nikamwambia mzee, hiyo ikipiga yote kwa volti 12 inataka ampea 250, alteneta yetu haitoi hata nusu, na waya ni ile ile ya aluminiamu. Akaniambia nisijali, ameshalipa deposit.