Unampendezea Nani?

Mtu akipungua mwili, akanyoa, akapaka nywele rangi au akaanza kuvaa nguo ambazo hakuwa akizivaa, mwenzake wa miaka mingi huwa na swali moja: "Unampendezea nani?" Swali hili linaumiza kuliko wengi wanavyodhani. Ndani yake kuna hukumu kwamba aliyekwisha kupendwa hana sababu tena ya kujitunza, na akijitunza basi kuna mtu wa nje anayelengwa.

Hofu yenyewe siidharau. Mwaka 2018 watafiti wa Sweden walichapisha katika jarida la JAMA Surgery utafiti kuhusu watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Waliokuwa na wenza waliachana nao zaidi kuliko watu wanene ambao hawakufanyiwa upasuaji. Kwa hiyo anayehisi kwamba mwili ukibadilika na nyumba inaweza kutikisika hajitungii mambo. Ila wengi wao hawakuachana, na mimi naamini tofauti iko katika yale yanayosemwa, au yasiyosemwa, ndani ya nyumba.

Wivu hauji kila mara kwa kelele. Kuna utafiti wa Marekani uliowahoji wanandoa na wapenzi, jozi 21, ambapo mmoja alikuwa amepungua sana. Wengi walisogeleana zaidi. Lakini baadhi ya wale ambao hawakubadilika walihisi kutishiwa, wakawa wakosoaji, wengine hata wakawashawishi wenzao warudie ulaji wa zamani. Mtu anakuwekea chakula mbele huku akikuonea wivu! Halafu kuna ile kauli, "Mimi nilikupenda ulivyokuwa." Inasikika kama sifa, kumbe ni amri: usibadilike. Amri hizo zikizidi, jambo si mapenzi tena. Mwongozo wa serikali ya Uingereza kuhusu sheria ya 2015 ya udhibiti wa kimabavu kati ya wenza unataja wazi kumpangia mtu cha kuvaa.

Anayebadilika naye ana deni, ingawa dogo: kusema. Kumwambia mwenzako "nataka kunyoa ndevu" si kuomba ruhusa. Uso huo yeye ndiye anayeuona kila asubuhi, na ana haki ya kujibu, "Sijauzoea bado," bila kununiwa.

Lakini mzigo mkubwa naubebesha mwenye wivu. Aseme "naogopa utaniacha" badala ya "vua hiyo nguo." La kwanza ni gumu mno kutamka, hasa kwa mtu aliyezoea kuonekana imara, ila mwenzake anaweza kulijibu, akamkumbatia, wakazungumza. La pili huzaa utii au ugomvi tu. Na kama kweli kuna dalili nyingine, simu inayofichwa, safari zisizoelezeka, ziulizwe hizo zenyewe, nywele na nguo ziachwe nje ya mashtaka.